Shotigani ya kwanza ya kulengea visahani: namna ya kuichagua ukiwa Tanga

Tanga wengi wetu tumeizoea shotigani ikiwa begani kwa mlinzi wa benki, au mikononi mwa mzee wa Muheza anayelinda mihogo yake na nguruwe pori. Mimi niliizoea kwa mjomba, aliyekuwa na bunduki ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, yenye leseni, aliyoitumia kazini kwenye shamba la mkonge. Siku aliponionyesha kwamba bunduki ileile inaweza kupasua kisahani kinachoruka angani, nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuwa nimewahi kushika silaha. Kilipasuka kikawa vumbi jeusi juu ya mikonge, na moyo wangu ukabaki hapohapo.

Tangu wakati huo watu huniuliza, hasa wanawake wenzangu: nianze na bunduki gani? Jibu langu ni refu, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Nilinunua bunduki nzuri kwa macho, yenye ndege waliochongwa kwenye chuma, na haikunikaa mwilini. Miezi saba nilitembea na bega la zambarau na visahani vikaenda zao salama. Yafuatayo ni mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Kwanza, kisahani chenyewe

Tunakiita kisahani cha udongo, ila udongo haumo tena. Ni lami iliyochanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa, ikamiminwa iwe kama kibakuli kilichofudikizwa. Cha mashindano ya kimataifa kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105 hivi. Vile vya George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1880, vilikuwa vya udongo wa kuchoma kweli, na vilichukua nafasi ya njiwa hai waliokuwa wakifunguliwa kutoka kwenye matundu ili wapigwe.

Michezo mikubwa ni mitatu. Kwenye trapu visahani hutokea shimoni mbele yako na kukimbia kwenda mbali. Kwenye skiti hutoka kwenye vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vikapishana mbele yako. Wa tatu ni wa matembezi: unatoka kituo hadi kituo, na kila kituo visahani vinaiga mwendo wa ndege au sungura, vingine vikibiringika ardhini. Kwa anayeanzia huku kwetu, ambako mara nyingi utakuwa na mashine moja ya kurushia kwenye eneo pana, mazoezi yatakuwa mchanganyiko wa yote. Kwa hiyo tafuta bunduki ya matumizi yote, yaani ile inayotengenezwa kwa mchezo wa matembezi. Bunduki ya trapu hutengenezwa ipige juu kidogo, kwa kuwa kisahani cha trapu kinapanda, na ukiitumia kwa vinavyoshuka utateseka bure.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya chuma

Tanzania bunduki hainunuliwi kwanza kisha ikatafutiwa kibali. Silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye kuisimamia ni Jeshi la Polisi. Nenda mwenyewe kituo cha polisi cha wilaya yako, eleza kwamba unataka shotigani kwa ajili ya mchezo wa kulenga, na uandike yote utakayoambiwa. Usimtume mtu. Usikubali pia maneno ya muuzaji anayesema, "Chukua tu, dada, mambo ya leseni tutayamaliza baadaye." Mtu huyo anakuuzia kesi.

Katika safari hiyohiyo ya polisi uliza kuhusu mahali pa kupigia. Mwenye ardhi akubali, polisi wajue, na mbele yako pawe na mita 300 tupu, bila njia ya miguu, bila wachunga ng'ombe, bila wakata mkonge. Marisau, yaani chembe ndogondogo zilizomo ndani ya risasi ya shotigani, ya visahani ni madogo na hupoteza nguvu haraka, lakini huanguka mbali kuliko jicho linavyodhani.

Nyumbani andaa kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani, na mahali pengine penye kufuli pa kuweka risasi. Hilo liwe tayari kabla bunduki haijafika.

Hatua ya pili: piga za wengine kwanza

Ningekuwa na uwezo wa kumzuia kila mwanzilishi asinunue chochote kabla ya kupiga visahani mia mbili kwa bunduki za kuazima, mbele ya mwalimu, ningefanya hivyo. Raundi moja ni visahani 25, kwa hiyo ni raundi nane tu. Mimi raundi zangu za kwanza nilizipiga Dubai, nilipokwenda kumwona dada yangu. Kule, kama Uingereza, viwanja vya kukodisha bunduki pamoja na mwalimu vipo. Ndugu zetu wa Ghuba wameupenda mchezo huu kwa dhati. Sheikh Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alichukua dhahabu ya visahani viwili kwa mpigo Athens mwaka 2004, na Abdullah Al-Rashidi wa Kuwait alipata shaba ya skiti kwenye michezo ya Tokyo akiwa na miaka 57. Nawataja kwa sababu vijana hunijia na haraka. Mchezo huu unakusubiri.

Na wanawake wanaoambiwa huu ni mchezo wa wanaume wamkumbuke Zhang Shan wa Uchina. Mwaka 1992 kule Barcelona, wanaume na wanawake wakishindana pamoja kwenye skiti, yeye ndiye aliyetwaa dhahabu.

Ukiwa na mwalimu, badilisha bunduki kila raundi ukipewa nafasi. Andika kwenye daftari ipi ilikuumiza, ipi ulihisi nzito mbele, ipi ilikuja usoni yenyewe. Daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Hatua ya tatu: lijue jicho lako

Hapa ndipo wengi hupotea bila kujua wamepotea. Kila mtu ana jicho kuu, lile ambalo ubongo huliamini zaidi linapokuja suala la kulenga. Kulipata ni rahisi. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vitazame mbele, viungane na kuacha kitundu kidogo katikati. Tazama kwa macho yote mawili kitu kilicho mbali kupitia kitundu hicho. Mnazi, au taa ya meli iliyotia nanga bandarini. Sasa fumba jicho la kushoto. Ukiendelea kuuona mnazi, jicho lako kuu ni la kulia. Ukipotea, ni la kushoto. Rudia mara tano, asubuhi na jioni, maana kwa baadhi ya watu jibu hubadilika na uchovu.

Kama mkono wako wa kulia ndio wenye nguvu na jicho kuu nalo ni la kulia, shukuru Mungu uendelee. Kama vimepishana, una njia mbili za uhakika. Ya kwanza ni kujifunza kupiga kutoka bega la upande wa jicho kuu. Ni ngumu kwa wiki chache, kisha mwili unakubali, na kwa anayeanza kabisa ndiyo ninayoipendekeza. Ya pili ni kubandika kipande kidogo cha utepe wa plasta kwenye kioo cha miwani, mbele ya jicho kuu, kiasi cha kuzuia lisiuone mdomo wa mtutu. Kufumba jicho kabisa kunawezekana pia, ila unapoteza uwezo wa kupima umbali na mwendo, na kisahani kina mwendo.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua, kwa sababu vitako vingi, yaani sehemu ya nyuma ya bunduki inayokaa begani, hupindwa kidogo kuelekea upande mmoja. Bunduki ya mtu wa kulia ikiwekwa bega la kushoto itakupeleka pembeni siku zote.

Hatua ya nne: aina ya bunduki

Chagua yenye mitutu miwili iliyopandana, mmoja juu ya mwenzake, inayokunjwa katikati kwa bawaba. Najua mjomba hatapenda nikisema hivi, maana yake ni ya ubavu kwa ubavu na anaipiga vizuri. Lakini mitutu iliyopandana inaacha mstari mmoja mwembamba mbele ya jicho, na wa chini uko karibu na mkono, hivyo teke lake, yaani msukumo wa kurudi nyuma unapofyatua, linakuja moja kwa moja begani badala ya kuinua mdomo. Zaidi ya hayo, ukiikunja kila mtu uwanjani anaona kwa macho yake kwamba haina kitu. Kwa mwanzilishi, na kwa wale wanaosimama karibu naye, hilo ni jambo kubwa.

Ya mtutu mmoja inayojipakia yenyewe ina sifa moja nzuri sana: zile zinazotumia gesi ya baruti kusukuma mitambo hupunguza teke, na mtu mwenye bega bovu au mwili mdogo anaweza kuifurahia. Ila ina vipande vingi vya kusafisha, na kwa hewa yetu ya chumvi kila kipande ni mlango wa kutu. Ya pampu iache kwa walinzi.

Majina? Beretta za Gardone, Italia, kiwanda chenye kumbukumbu tangu mwaka 1526, na Browning, ambazo nyingi hutengenezwa na Miroku wa Japani, ndizo zinazokubalika karibu kila uwanja; Beretta 686 au Browning 525 iliyotumika na kutunzwa itakuhudumia maisha yako yote, na vipuri vinapatikana. Baikal za Urusi hazina pambo, ni nzito na ni imara. Za Uturuki zimekuwa nyingi na bei yake ni nafuu, ila ubora hutofautiana, kwa hiyo zikague kwa makini zaidi. Fedha usiimalizie kwenye bunduki. Afadhali bunduki ya kawaida na risasi elfu moja za kujifunzia kuliko bunduki ya kifahari na risasi mia.

Hatua ya tano: geji, uzito, urefu

Geji ni hesabu ya zamani: geji 12 maana yake tundu la mtutu linatosha gololi ya madini ya risasi ambayo kumi na mbili zake zinatimiza ratili moja. Ndiyo maana namba ikikua tundu linapungua. Geji 12 ni milimita 18.5 hivi, geji 20 ni milimita 15.6.

Anza na 12, hata kama una mwili mdogo. Watu wengi wanamnunulia mwanamke geji 20 kwa nia njema, lakini ile huwa nyepesi, na bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke. Kinachopunguza teke ni uzito wa bunduki na wepesi wa risasi. Geji 12 ya kilo 3.3 hadi 3.6 ikipewa risasi ya gramu 24 inatulia begani, na gramu 24 ndizo zinazotumika kwenye Olimpiki, kwa hiyo hakuna atakayekwambia hazitoshi. Risasi za 12 pia ndizo rahisi kupatikana.

Na jambo hili lishike kama unavyoshika swala: kamwe usichanganye risasi za 20 na za 12 mfukoni au kwenye sanduku moja. Ya 20 ikiingizwa kwenye geji 12 huteleza, ikapita chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, na kukwama ndani ya mtutu. Ukitazama unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya 20 hutengenezwa ya njano.

Urefu wa mitutu: sentimita 71 au 76. Mirefu hutembea kwa utulivu, mifupi huanza haraka na kusimama haraka. Kama una kimo cha wastani chukua yoyote kati ya hizo mbili, ile ambayo ukiishika kwa mikono miwili unahisi uzito umekaa katikati ya mikono, karibu na bawaba.

Hatua ya sita: ikukae

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Bunduki ya risasi moja, ya askari au ya mwindaji wa nyati, ina alama mbili za kupangilia, ya nyuma na ya mbele. Shotigani ina shanga moja tu mdomoni. Alama ya nyuma ni jicho lako. Bunduki ikikaa vibaya usoni, alama ya nyuma imehama, na hakuna mazoezi yatakayoirudisha.

Tupige hesabu. Kutoka jichoni hadi kwenye shanga ni kama sentimita 95. Jicho likihama milimita 5 tu kutoka mahali pake, kwa kisahani kilicho mita 35 mbele, kiini cha marisau kinahama kama sentimita 18. Kisahani chenyewe kina upana wa sentimita 11. Na huna muda wa kurekebisha. Marisau hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, lakini hupungua, kwa hiyo hadi mita 30 huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kisahani kinachokatiza kwa mita 20 kwa sekunde kimeshasogea karibu mita mbili. Unapiga mbele yake, pale kitakapofika, na macho yako yapo kwenye kisahani, hayapo kwenye mtutu. Kwa hiyo lazima bunduki iende macho yanakokwenda bila kuongozwa.

Kupima ni hivi. Hakikisha bunduki haina kitu. Ikunje, tazama, mwombe mwenzako naye atazame. Chagua alama ukutani. Itazame. Fumba macho, inua bunduki hadi usoni kwanza kisha begani, kama unavyoinua kila siku, bila kujipinda kuifuata. Fungua macho. Ukiona shanga imetulia juu ya reli nyembamba ya mtutu, imekaa. Ukiona chuma cha nyuma tu na shanga imefichika, mgongo wa kitako uko chini mno na utapiga chini. Ukiiona reli yote kama barabara inayopanda, uko juu mno. Ukiona reli kwa ubavu, mkunjo wa kitako si wako. Rudia mara kumi. Moja ikienda vizuri haitoshi.

Kisha urefu. Bunduki ikiwa begani, kati ya pua na kidole gumba cha mkono wa kifyatulio pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikiwa gumba linagonga pua, kitako ni kifupi. Ikiwa kinakwama kwapani unapokiinua, ni kirefu. Hivyo ndivyo nilivyonaswa: bunduki yangu ya ndege waliochongwa ilikuwa na kitako cha sentimita 38. Nilipompelekea mjomba aliniangalia nikiinua mara tatu.

"Mjomba, unaionaje?"

"Mama, bunduki ni nzuri. Ila umenunua ya mtu mwingine."

Wanawake tuna kipimo kimoja zaidi ambacho wauzaji hawakitaji. Ncha ya chini ya kitako, ikiwa imechongwa kwa kifua cha mwanamume, hutuchoma. Tunajifunza kuinama nyuma kuikwepa, na hapo mkao wote unaharibika. Fundi anaweza kubadili pembe ya mwisho wa kitako na kuigeuza ncha hiyo nje kidogo kuelekea kwapa. Usivumilie maumivu ukidhani ndiyo mchezo ulivyo.

Ukiwa na bunduki unayoifikiria, na kama mwenyewe anaruhusu mahali panapostahili, ijaribu kwenye karatasi kubwa. Simama mita 14.6, chora nukta moja, inua na upige bila kulenga kwa makusudi, kama unavyopiga kisahani. Piga tano au sita kwenye karatasi ileile na utafute kiini cha matundu. Kwa umbali huo, kila sentimita 2.5 ambazo kiini kimehama kutoka kwenye nukta zinadai badiliko la milimita 1.6 kwenye kitako. Mafundi wa kitako wameitumia kanuni hii kwa miaka mingi, na inakupa namba ya kumpelekea fundi badala ya maneno.

Kitako kirefu kinaweza kupunguzwa, kifupi kikaongezwa mpira nyuma, mgongo wa chini ukainuliwa kwa kibandiko cha ngozi au sponji ngumu. Lakini asikate seremala wa vitanda. Kipande kikishakatwa kimekatwa, na pembe ikikosewa kidogo utaisikia begani kila risasi. Mwanzilishi asikimbilie kukata hata kwa fundi mzuri: subiri mwezi, maana mkao wako wenyewe bado unabadilika.

Hatua ya saba: choki na risasi

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu watu wanalipa jambo hili uzito usiolistahili. Choki ni kibano cha mdomo wa mtutu kinachoamua marisau yatatawanyika kwa upana gani. Hupimwa kwa umbali wa mita 36.5: ni marisau mangapi kati ya mia yanaangukia ndani ya duara la sentimita 76. Mdomo ulionyooka bila kibano huweka 40, wa robo 55, wa nusu 60, wa kibano kamili 70. Nunua bunduki yenye choki za kufungua na kufunga, weka robo mtutu mmoja na nusu mwingine, usizibadilishe mwaka mzima. Ukikosa, kosa si la choki.

Risasi: marisau namba 7½ au 8, gramu 24 au 28. Kabla hujaweka risasi yoyote, soma urefu wa chemba uliochongwa kwenye mtutu. Bunduki za kisasa nyingi ni milimita 70 au 76. Za zamani unaweza kukuta 65, na hizo haziiwezi risasi ya 70, hata kama inaingia. Inaingia kwa sababu mdomo wa ganda bado umekunjwa. Ukifyatua ndipo unafunguka na kukosa nafasi.

Hatua ya nane: kukagua iliyotumika

Bunduki nyingi utakazoonyeshwa zitakuwa zimetumika, na hilo si baya hata kidogo. Omba muda na mwanga wa kutosha.

Itoe mkono wa mbele, yaani ile mbao ya chini ya mitutu, kisha ifunge na uishike kitakoni ukiitikisa taratibu. Ukihisi bawaba inachezacheza, bunduki imelegea na kuikaza ni gharama. Tazama ndani ya mitutu ukiielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mng'ao uwe na duara zilizonyooka; kivuli kilichopinda ni dalili ya kubonyea, na pete ndani ya mtutu ni dalili kwamba iliwahi kufyatuliwa ikiwa imeziba. Vitundu vidogo vya kutu karibu na chemba vinavumilika kwa kiasi, lakini vikiwa vingi mdomoni pale kuta zilipo nyembamba, achana nayo. Ning'iniza mitutu kwa kidole kwenye ndoano yake na uigonge polepole kwa kucha au kipande cha mbao. Iliyoungwa vizuri hulia kama kengele ndogo. Inayotoa sauti ya debe imeachia mahali fulani.

Tafuta mihuri ya upimaji. Bunduki za Italia, Uingereza, Ubelgiji na nchi nyingine kadhaa hupigwa risasi kali kuliko za kawaida kwenye nyumba rasmi za majaribio kabla ya kuuzwa, kisha zinagongwa muhuri. Za Italia hupimwa Gardone, za Uingereza hupimwa London au Birmingham. Kama mihuri imefutwa kwa tupa, au namba ya bunduki imeguswa, rudisha bunduki mezani na uondoke. Namba hiyo lazima ilingane na karatasi za mwenye kuuza.

Fungua choki zote kwa mkono na ufunguo wake. Huku pwani hiki ndicho kipimo changu cha kwanza cha tabia ya mwenye bunduki. Choki iliyoshikamana na mtutu kwa kutu inasema kila kitu kuhusu miaka iliyopita.

Mwisho, weka risasi bandia za mazoezi kwenye chemba zote mbili, fyatua moja, kunja. Virusha ganda vifanye kazi kwa upande uliofyatuliwa tu. Jaribu kizuizi cha usalama: kikiwa kimefungwa, kifyatulio kisifanye chochote.

Hatua ya tisa: iishi Tanga bila kuliwa na kutu

Raskazone jioni, upepo ukitoka baharini, ukipitisha ulimi juu ya midomo unaonja chumvi. Bunduki nayo inaionja. Chumvi huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma, kwa hiyo hata siku isiyo na mvua kutu linaendelea. Nimeona bunduki safi ikiota madoa mekundu kwa wiki moja tu ya masika kwa sababu mwenyewe aliiacha ndani ya mfuko wake wa turubai. Mfuko ni wa kusafiria, na ukifika nyumbani bunduki itoke humo siku hiyohiyo. Sanduku lenye sponji ni baya zaidi.

Baada ya kila siku ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu kila mahali palipoguswa na mkono, maana jasho nalo ni chumvi. Pitisha brashi na dawa ya kusafishia ndani ya mitutu, kausha, kisha mafuta ya bunduki kiasi cha kung'aa tu. Fungua choki, futa, paka grisi kidogo kwenye nyuzi, rudisha. Bawaba ipate tone la grisi. Yote haya ni dakika ishirini.

Usipake mafuta ya nazi. Wazee wetu waliyatumia kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo, lakini huchacha, hushika vumbi na kuwa gundi ndani ya mitambo, na yakipata baridi kidogo yanaganda. Yaache kwenye wali.

Kabatini isimamishe midomo ikitazama chini, juu ya kitambaa, ili mafuta ya ziada yadondoke mbele badala ya kuingia kwenye mbao ya kitako na kuilainisha. Weka pakiti za kunyonya unyevu, zile za punje, na uzibadilishe au uzikaushe mara tu zinapobadili rangi. Masika kagua kila baada ya siku tatu hata kama hujapiga.

Siku ya kwanza uwanjani

Vaa vifuniko vya masikio na miwani kabla ya kufungua gari. Mlio wa shotigani huharibu masikio tangu mlio wa kwanza, na vipande vya kisahani hurudi na upepo. Bunduki iwe imekunjwa mpaka zamu yako. Risasi ziingie ukiwa umesimama mahali pako, mdomo ukitazama mbele. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chapati, kwa sababu marisau ni ya madini ya risasi, na madini hayo ni sumu.

Soma upepo. Kaskazi au kusi ukikujia usoni, kisahani kitapanda kuliko ulivyotarajia. Ukitoka mgongoni kwako, utakisukuma chini. Mwombe mwenzako akurushie visahani kumi vya kwanza vinavyokwenda moja kwa moja mbali nawe, taratibu, na uvipige kimoja kimoja huku umeacha chemba ya pili tupu. Vinavyokatiza visubiri wiki ijayo.